Kupima moshi wa mgongo wazi Kisumu kwa vihisi vya bei nafuu: mwongozo kamili

Ndani ya kihisi kama PMS5003 mna feni ndogo, taa ya leza, na jicho linalosoma mwanga unaotawanywa na chembe zinazopita mbele yake. Kutokana na mwanga huo kifaa hukisia uzito wa chembe zote zilizo chini ya mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), zile zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Makisio hayo yalipangwa kiwandani kwa chembe za mahali pengine. Moshi wa kuni mbichi ukichanganyika na mvuke wa mafuta unaopanda kutoka kwenye karai la mgongo wazi (mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, kisha ikakaangwa na kuuzwa) kule Obunga, mtaa wa Kisumu, ni kitu kingine. Ndiyo maana kununua na kuunganisha kihisi ni kazi ya siku mbili, ilhali kukifanya kiaminike ni kazi ya wiki kadhaa. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye hizo wiki.

Swali kabla ya kifaa

"Tunataka kujua hali ya hewa mtaani" si swali linalopimika. Lifinye. Kwa mfano: anayekaanga anavuta kiasi gani katika saa anazokaa karaini, na jirani aliye mita 15 kutoka hapo anapata kiasi gani? Swali hilo linakwambia moja kwa moja kwamba unahitaji vituo vitatu: karaini, ukutani kwa jirani, na mahali pa usuli penye moshi mchache wa karibu. Ongeza kifaa cha nne cha akiba. Kimoja kitakufa, na kwa kawaida hufa wiki ya pili.

Amua mapema pia utalinganisha na nini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka mzima. Hauna kikomo cha saa moja kwa chembe hizi. Kwa hiyo ukiona 600 saa moja jioni, usiseme "imezidi kikomo mara 40". Hiyo ni kulinganisha kilele cha dakika chache na wastani wa siku nzima, na msomaji makini ataacha kukusikiliza hapohapo.

Ruhusa

Utafiti Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ukipima ndani ya nyumba au kazini kwa mtu unahitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Vyuo vikuu vinavyofanya utafiti wa watu huwa na kamati hizo, Maseno kikiwemo. Anza na hili kwa sababu ndilo linalochelewa. Halafu pita kwa chifu na mzee wa mtaa, kisha kwa akina mama wenyewe. Data inayoonyesha mtu anawasha moto saa ngapi na yuko nyumbani saa ngapi ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwenye faili weka alama tu: K1, K2 kwa wakaangaji, J1 kwa jirani. Majina yakae kwenye karatasi nyingine, kwenye kabati lenye kufuli.

Waeleze waziwazi kwamba hupimi ili kumfungia mtu biashara. Wakishuku, karai litahamishwa mbali na kifaa na hutaambiwa.

Vifaa vya kituo kimoja

Kihisi PMS5003, bodi ndogo ya ESP32 inayoendesha programu yako, kihisi cha joto, unyevu na mgandamizo aina ya BME280, saa ya DS3231 yenye betri yake, kadi ya kumbukumbu ya GB 8 au 16 na kiti chake, pawabanki ya mAh 20,000 au chaja ya ukutani, kopo la plastiki lenye kifuniko au kipande cha bomba la PVC la inchi 4, wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 1 hadi 2, vibano vya plastiki vya kufungia.

PMS5003 inataka volti 5 kwa ajili ya feni, lakini mawasiliano yake ni ya volti 3.3, hivyo waya wa kutoa data unaingia moja kwa moja kwenye ESP32 bila kibadilishi. Waya wa kwanza ni volti 5, wa pili ni ardhi, wa tano ndio unaotoa data. Kasi ya mawasiliano ni biti 9600 kwa sekunde. Kila ujumbe una baiti 32, unaanza na 0x42 kisha 0x4D, na baiti mbili za mwisho ni jumla ya 30 zilizotangulia. Programu yako lazima ihakiki jumla hiyo na kutupa ujumbe usiolingana. Usipohakiki utapata namba kama 5,120 katikati ya usiku, na utaumiza kichwa ukitafuta moto ambao haukuwepo.

Ujumbe huo unabeba namba mbili za uzito: moja ya mazingira ya kiwandani, nyingine ya hewa ya nje. Zinafanana panapokuwa na moshi mdogo na kuachana unapozidi. Hifadhi zote mbili, lakini fanya hesabu kwa moja tu mwanzo hadi mwisho. Sisi tunapendelea ya kwanza, kwa kuwa haijakunjwakunjwa.

Kuhusu saa ya DS3231: bodi nyingi za bei ya chini zina njia ya kuchaji betri, ilhali betri inayowekwa mara nyingi ni CR2032 isiyochajika. Ukiilisha bodi hiyo kwa volti 5, betri huvimba. Ilishe kwa volti 3.3.

Pawabanki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74. Ukitoa kinachopotea kwenye ubadilishaji, hubaki kama 63. Kituo kinachokula wati moja kitakaa siku mbili na nusu hivi, basi panga kuzibadilisha kila baada ya siku mbili. Baadhi ya pawabanki hujizima zikiona mzigo ni mdogo, zikidhani simu imejaa. Ukizima feni kati ya vipimo ili kuokoa chaji, ndipo zinapokuzimia. Acha feni izunguke muda wote. Palipo na stima, itumie, lakini pawabanki ikae katikati kama akiba, kwa kuwa stima itapotea, na itapotea jioni ya mvua uliyoihitaji.

Kopo

Tundu la kuingiza hewa na la kuitoa kwenye PMS5003 yako upande mmoja. Ukikifungia kihisi ndani ya kopo bila kutenganisha matundu hayo, kinavuta hewa ileile ambayo kimekwisha kuitoa, na namba zinakuwa tulivu ajabu. Kibane kihisi kwenye ukuta wa kopo ili matundu yote mawili yaangalie nje, kuelekea chini, na weka kipande cha plastiki kati yake.

BME280 ikae mbali na ESP32, nje ya kopo ikiwezekana, chini ya kivuli. Ikikaa juu ya bodi itapashwa joto, itaonyesha nyuzi mbili tatu zaidi, na unyevu utasomeka chini kuliko ulivyo. Hesabu za kusahihisha unyevu huko mbele zitaharibika zote kwa kosa hili moja.

Wavu unahitaji maelezo ya Kisumu. Vidudu vya ziwani vikipanda kama wingu, hufuata taa na kuingia popote penye feni. Chandarua cha mbu kikiwekwa juu ya tundu la kihisi huzibwa na miili yao usiku mmoja. Weka wavu wenye matundu makubwa kiasi, mbali na tundu, ukizunguka kopo lote, ili hata nusu ikizibwa hewa ipite. Buibui nao hupenda mahali hapa. Uzi mmoja mbele ya leza unatosha kuleta vilele vya uongo vya sekunde chache.

Saa: kosa linaloharibu data nyingi kuliko vumbi

Weka saa ya kifaa kwenye saa za Afrika Mashariki na uandike hivyo kwenye kichwa cha faili. Ukiipokea kutoka mtandaoni huenda ikaja ya dunia, saa tatu nyuma yetu. Hilo ni rahisi kuligundua. Baya zaidi liko kwenye daftari.

Mkaangaji akisema "niliwasha saa kumi na moja", anamaanisha 1700, au 0500 kama ni mtu wa alfajiri. Msaidizi wako aliyezoea saa ya simu anaandika 11:00. Tayari mmeachana kwa saa sita, na kilele cha moshi kinaonekana kimetokea wakati karai lilikuwa limening'inia ukutani. Sheria ni moja: daftarini saa huandikwa kwa tarakimu nne, ikisomwa kwenye simu iliyolinganishwa na kifaa asubuhi ile. Ukurasa mzuri unafanana na huu:

1710 kuwasha, kuni za mkaratusi, mbichi, makarai 2
1745 mafuta yamechemka, samaki wa kwanza ndani
1820 mvua, karai 1 limehamishwa chini ya mabati
1905 jirani anachoma taka, upepo umetulia
1940 moto umevutwa, makaa yamebaki

Mistari mitano hiyo ina thamani kuliko kihisi cha pili. Bila mstari wa 1905, moshi wa taka ungehesabiwa kuwa wa samaki.

Kuvilinganisha vyenyewe kwa vyenyewe

Kabla ya kwenda mtaani, vining'inize vyote vinne mahali pamoja, visiachane zaidi ya mita moja, kwa siku saba. Piga wastani wa kila saa. Kwa kila saa chukua namba ya katikati ya vifaa vyote, kisha ukilinganishe kila kimoja nayo. Kinachosoma kati ya asilimia 90 na 110 ya kundi ni kizuri. Kinachozidi au kupungua kwa kiasi kilekile siku zote kirekebishwe kwa kizidisho chake, kiandikwe kwa wino juu ya kopo. Kinachoyumba, leo juu kesho chini, kirudishe dukani au kitoe feni yake ufanyie somo darasani.

Jaribu na sifuri pia. Funga kihisi ndani ya kopo safi na uingize hewa kwa pampu ya tangi la samaki kupitia kichujio cha hepa, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana. Baada ya dakika 15 kinapaswa kusoma 0 hadi 2. Kikibaki kwenye 8, kuna vumbi kwenye jicho lake. Dawa ya mbu ya kuzungusha ikiwashwa chumbani hukuonyesha kama vyote vinapanda na kushuka pamoja. Usiitumie kupata kizidisho cha moshi wa kuni. Chembe zake si zilezile.

Kichujio na mizani: hapa ndipo uzito unapopatikana

Njia ya kujua uzito wa kweli ni kuukusanya na kuupima. Unahitaji pampu inayovuta lita 1.5 kwa dakika bila kuyumba, kichwa cha saikloni kilichotengenezewa mwendo huo, ambacho huzungusha hewa ili chembe nene zirushwe pembeni, na vichujio vya teflon vya milimita 37. Mizani ya dhahabu haitoshi, wala ile ya kawaida ya maabara yenye desimali nne za gramu. Tazama kwa nini: lita 1.5 kwa dakika kwa saa 24 ni mita za ujazo 2.16. Ikiwa hewa ina mikrogramu 60 kwa mita ya ujazo, kichujio kitaongezeka mikrogramu 130 hivi. Mizani ya desimali nne inaruka kwa hatua za mikrogramu 100. Omba nafasi kwenye maabara yenye mizani inayosoma mikrogramu moja, na panga safari mbili: kupima vitupu, kisha vilivyotumika.

Kabla ya kila kupima, vichujio vilale saa 24 kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika. Vishike kwa koleo, kamwe si kwa kidole. Kwa kila vichujio kumi, kimoja kiende mtaani na kurudi bila pampu kuwashwa. Hicho hukwambia safari yenyewe imeongeza kiasi gani. Moshi wa kukaangia una mafuta yanayovukizwa na joto, basi vilivyotumika virudi ndani ya visahani vilivyofungwa, kwenye kikasha chenye barafu. Vikiachwa kwenye dashibodi ya matatu, sehemu ya sampuli itaondoka kabla ya kufika mizanini.

Mwendo wa hewa upimwe mwanzo na mwisho. Tofauti ikizidi asilimia 10, sampuli haifai. Hapa Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Kipimo cha mwendo chenye kidude kinachoelea, kilichosawazishwa pwani, kikionyesha 1.5 hapa, mwendo halisi ni kama 1.6. Asilimia saba hiyo inaingia moja kwa moja kwenye jibu lako.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme kichujio kimeongezeka mikrogramu 131, na kile kilichosafiri bure kimeongezeka 5. Uzito ni 126. Gawa kwa 2.16, unapata 58. Ikiwa kihisi kilichokaa kando kilisoma wastani wa 97 kwa saa zilezile, kilizidisha, na kizidisho cha kukirudisha ni 0.60. Jozi moja haitoshi. Pata angalau nane, zikiwemo siku za moshi mwingi na za mchache, uchore mstari. Na fanya hivyo karaini na usulini kando kando, kwa sababu kizidisho cha mafuta na kuni hakitafanana na cha vumbi la barabara. Vihisi hivi huona moshi kupita kiasi na vumbi nene kwa shida.

Kuviweka mtaani

Jikoni ndani: mita moja kutoka ukingo wa jiko, mita 1.5 juu ya sakafu, na mita 1.5 kutoka mlango au dirisha, nafasi ikiruhusu. Anayekaanga nje akiwa amekaa kwenye kigoda, teremsha hadi mita moja hivi, usawa wa pua yake, na upande ambao mafuta hayarukii. Kwa jirani, ukutani mita 2 juu, usikibane chini ya mabati moja kwa moja. Adhuhuri pale pana joto la kukausha omena.

Usuli ndio unaowashinda wengi. Mchana upepo wa Kisumu huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu; usiku hugeuka, ukashuka kutoka upande wa milima ya Nandi. Kituo ulichokiweka upande wa ziwa ukijisifu kuwa kina hewa safi, kitakuwa kinapokea moshi wa mtaa mzima kuanzia usiku hadi asubuhi. Ama weka vituo viwili vya usuli, kila upande kimoja, ama tumia kile kimoja kwa saa za upepo wa ziwani peke yake na useme hivyo. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia na baridi imelala chini, moshi hauendi popote. Namba za 0500 hadi 0700 hupanda hata majiko yakiwa machache. Kuanzia upande wa Kibos hadi Muhoroni, kumbuka pia mashamba ya miwa yanayochomwa. Majivu meusi yakidondoka uani, liandike.

Kama mahali unapopima wanatumia makaa, PMS5003 itakudanganya kwa ukimya. Makaa yaliyoshika vizuri hutoa chembe chache na kaboni monoksidi nyingi, ambayo kihisi hiki hakioni kabisa. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua huku skrini ikionyesha 20. Weka kihisi cha gesi hiyo kando, na usimwambie mtu yeyote kwamba makaa ni salama kwa kutazama chembe tu.

Kila siku ya pili: badilisha pawabanki, nakili kadi, linganisha saa, sikiliza feni. Karaini, mara moja kwa wiki, puliza tundu kwa pampu ya mkono ya mpira. Usiingize pamba wala spiriti ndani.

Namba zikishapatikana

Kurekodi kila dakika mbili kunatoa mistari 720 kwa siku. Siku yenye chini ya 540 iache nje ya wastani wa siku, hata kama ilikuwa nzuri. Kisha angalia unyevu. Ukipita asilimia 80, chembe hunyonya maji, huvimba, na kihisi huona moshi ambao nusu yake ni maji. Njia ya kuanzia inayotumika sana ni kugawa namba kwa 1 + 0.25 × U² ÷ (1 − U), ambapo U ni unyevu kwa desimali. Unyevu wa 0.60 unakupa kigawanyo cha 1.2; wa 0.90 unakupa 3.0. Unaona jinsi kosa dogo la BME280 usiku wa mvua linavyogeuka kubwa. Saa zenye unyevu juu ya 0.95 ziwekee alama na usizitumie. Rekebisha unyevu kwanza, kizidisho cha vichujio baadaye, na kizidisho hicho kikokotolewe kwa namba zilizokwisha kurekebishwa unyevu. La sivyo unasahihisha kosa lilelile mara mbili.

Toa wastani wa siku, wastani wa saa za kukaanga, na namba ya katikati. Wastani huvutwa na vilele. Namba ya katikati hukwambia saa ya kawaida ilikuwaje. Kwa jirani, tofauti ya hizo mbili mara nyingi ndiyo habari yenyewe.

Majibu yarudi kwanza kwa waliokubali kupimwa, kabla ya mkutano wowote mjini. Nenda na mchoro mmoja wa siku moja, mstari wa moshi juu na matukio ya daftari chini. Mkaangaji atakusomea mchoro wake mwenyewe: "hapa ni kuni mbichi, hapa nilibadilisha mafuta." Andika anayosema.

Mwisho wa kazi, virudishe vifaa vyote vinne mahali pamoja kwa siku tatu, kama mwanzo. Kile cha karaini karibu hakika kitasoma tofauti na wenzake, kwa kuwa mafuta yametanda kwenye jicho. Kikiwa kimeachana nao kwa chini ya asilimia 10, endelea. Kikizidi, tafuta kwenye data wiki ambayo tofauti yake na vichujio ilianza kukua, na ukate hapo; yaliyokuja baada ya hapo hayaingii kwenye ripoti.